Moyo ukiruka usiku

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, mama yako anakusalimu, na mikarafuu ya nyuma ya nyumba imeanza kubeba.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema madaktari huko Dar es Salaam wamekupima, wakakwambia moyo mzima, ni mapigo ya ziada tu yasiyo na madhara. Nawe ukizima taa unausikia unaruka kama samaki ndani ya dema. Ukaniuliza: "Baba, mama kanambia nawe yalikukuta. Kama hayaui, mbona yanatisha hivi? Uliwezaje kulala?"

Nilikuwa silali. Nyinyi watoto mlikuwa mkiniona barazani usiku mkidhani nalinda karafuu.

Ulikuwa msimu mkubwa, kabla umeme wa Tanga haujaletwa kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010. Mchana tunachuma, usiku tunachambua kwa kandili, na mimi kahawa haikauki kikombeni. Usiku mmoja nimelalia ubavu wa kushoto, moyo ukasimama. Naapa ulisimama. Kisha ukapiga pigo moja zito, kama mtu kagonga mlango kwa ngumi. Nikapiga shahada, nikangoja. Sikufa. Baada ya kitambo, tena.

Kituo cha kwanza nilichokwenda, aliyenipokea hakuninyanyulia hata macho: "Wasiwasi tu, mzee." Na uzee wenyewe nilikuwa bado sijaufikia. Jirani akasema nimetupiwa kitu. Kombe nikanywa, yale maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, hayakunidhuru, lakini moyo uliruka vile vile. Mwisho nikapanda boti mpaka Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja, wakanibandika nyaya kifuani, wakanitoa damu, na daktari mmoja, Mungu amjaalie, akakaa nami akanieleza.

"Fikiria sala ya jamaa," akanambia. Moyo una imamu wake, kijisehemu kilicho juu upande wa kulia, ndicho kinachoanzisha kila pigo. Mara nyingine maamuma mmoja huko nyuma anarukuu kabla ya imamu. Pigo lake linakuja mapema, moyo haujajaa damu, kwa hiyo hulisikii sana. Halafu moyo unatua kidogo kumngoja imamu, na katika kutua huko damu inajaa kuliko kawaida, ndipo pigo linalofuata likatoka kwa kishindo. Kumbe kile kilichokuwa kikinitisha ni safu inayokaa sawa! Moyo unapiga kama mara 100,000 kwa siku, na watu wengi wana maamuma huyo wala hawana habari naye. Ukilalia kushoto moyo unakaribia ubavu, na usiku hakuna kelele, basi unausikia wote.

Nisikudanganye lakini. Nilirudi Pemba najua, na bado naogopa. Hofu nayo inauchochea moyo, moyo ukiruka unazidi kuogopa. Nikawa natembea na vidole viwili juu ya mshipa wa mkono, nahesabu. Nahesabu shambani, nahesabu mpaka kwenye khutba ya Ijumaa, Mwenyezi Mungu anisamehe. Na anayehesabu hakosi kupata. Acha kuhesabu, mwanangu.

Aliyenikamata ni ami yako wa Mtambwe. Tunacheza bao, zamu yangu, nimeduwaa vidole mkononi. Akaniangalia, akasema taratibu, "Na wewe pia?" Kumbe yeye moyo ulikuwa ukimruka miaka mingi, wala hajapata kumwambia mtu yeyote. Yakhe, nililia mbele ya watu wa bao. Usiku ule ndio nikamwambia mama yako, miezi saba baada ya kuanza. Alinikasirikia wiki nzima kwa kumficha. Tangu hapo ukiruka namwamsha; hana maneno mengi, ananiuliza habari za bei ya karafuu mpaka nasinzia.

Kahawa ya baada ya Isha niliiacha, ikanisaidia. Usingizi wa kutosha ulinisaidia zaidi. Ami yako anakunywa kahawa mpaka leo na haimfanyi lolote, basi jaribu mwenyewe uone mwili wako. Waulize pia madaktari kama wamekupima wingi wa damu na tezi ya shingo.

Ila jambo moja usilifanyie mzaha. Ukizimia, au kifua kikabana, au pumzi zikakata, au moyo ukaenda mbio mfululizo usitulie, au ukaanza kuruka pale unapokimbia na kubeba mizigo, hayo siyo yaliyonikuta mimi. Nenda hospitali hapo hapo, usingoje kuniuliza.

Mengine yote, piga simu, hata saa nane za usiku. Simu yangu siku hizi naiweka juu ya mto. Mama yako analalamika inamtia mwanga machoni, lakini kila nikiihamisha naikuta kairudisha mwenyewe.

Baba yako