Kabla ya kuihukumu ndege ya nyongeza, ijaribu kwa vipimo vyake

Ndege ya kwanza ya nyongeza niliyoinunua kwa ajili ya programu yangu ya kuiga urubani ilikuwa Cessna 172S, na kwa wiki nzima niliamini kwamba nilikuwa nimeuziwa kitu kibovu. Kila nilipopaa, mshale wa mwendo wa kupanda ulivuka futi 1,000 kwa dakika, ilhali kitabu cha rubani cha ndege halisi kinataja futi 730 kwa dakika katika usawa wa bahari. Nilikwisha kuandaa malalamiko ya kumpelekea mtengenezaji, ndipo nilipofungua ukurasa wa uzito na kuona kwamba ndege ilikuwa imembeba rubani peke yake, na matangi yalikuwa na mafuta kidogo. Takwimu ya kitabu ni ya ndege yenye uzito wake wa juu kabisa, kilo 1,157, katika siku ya hewa ya wastani. Nilipojaza viti na matangi, mshale ulitulia karibu kabisa na 730.

Kwa sababu hiyo namshauri kila anayenunua ndege ya namna hii atafute kwanza kitabu cha rubani cha ndege halisi, akisome, kisha akae nacho pembeni wakati wa majaribio. Wengi wetu huivamia dashibodi, tukasifu mikwaruzo ya rangi na mng'ao wa vioo, na kutoa hukumu kabla hata ya gurudumu kuachana na ardhi. Macho huzoea uzuri huo kwa siku mbili tu, lakini mikono itaishi na tabia ya ndege kwa miezi mingi.

Yapo maandalizi ambayo hayafai kurukwa. Rekebisha joistiki na pedali zako katika mipangilio ya kompyuta, kwa maana ndege inayoelemea upande mmoja mara nyingi haina kosa lolote, bali ni joistiki isiyorudi katikati. Zima misaada yote ya programu, hasa ule unaokanyaga pedali kwa niaba yako. Weka hewa tulivu isiyo na upepo, joto la nyuzi 15 za Selsiasi na kanieneo ya hektopaskali 1,013 katika usawa wa bahari, kwa kuwa hiyo ndiyo hewa ya wastani ambayo vitabu vya marubani huitumia kama kigezo.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni lile la kupunguza kasi hadi bawa lishindwe kuibeba ndege. Panda hadi futi 4,000, punguza nguvu ya injini hadi mwisho, kisha vuta usukani taratibu ili kasi ipungue kwa noti moja hivi kila sekunde, yaani maili moja ya baharini kwa saa. Cessna 172S yenye uzito kamili na flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege iweze kuruka polepole) zikiwa juu hufikia hatua hiyo kwenye noti 48, na flapu zikishushwa zote hufikia noti 40. Ikiwa ndege yako inaendelea kuelea kwenye noti 35 huku pua ikiwa juu, mtengenezaji alishughulikia picha akaliacha bawa. Lakini usitazame namba peke yake. Sikiliza kama usukani unalegea na kuitikia kwa kuchelewa, angalia kama pua inaanguka yenyewe, na kama ndege inarudi katika hali yake unapoilegeza. Mambo hayo hayaonekani katika picha za matangazo, nami nayaona kuwa ndiyo yanayostahili kulipiwa.

Linalofuata ni mguu wa kulia. Katika ndege nyingi za injini moja ambazo propela yake huzunguka kuelekea kulia ukiitazama kutoka kwenye kiti cha rubani, nguvu kamili kwa kasi ndogo huivuta pua kushoto, na rubani hulazimika kukanyaga pedali ya kulia wakati wa kupaa. Ndege ya nyongeza inayokimbia kwenye barabara ya kurukia kwa unyoofu bila mguu wako kufanya kazi inakufundisha mazoea yasiyo sahihi, na jambo hilo linamuumiza zaidi yule anayetarajia siku moja kuketi katika ndege ya kweli.

Mifumo ya ndani nayo ina mafunzo yake. Niliwahi kurusha Piper Cherokee ya nyongeza, matangi yakiwa nusu, na baada ya saa moja na dakika kadhaa injini ikazimika. Nilidhani programu imekwama. Kumbe kiteuzi cha mafuta cha ndege hiyo huchagua tangi la kushoto au la kulia tu, hakina nafasi ya kuyatumia yote mawili kwa pamoja kama ilivyo kwenye Cessna 172, nami nilikuwa nimelimaliza la kushoto huku la kulia likiwa halijaguswa. Tangu hapo nabadilisha tangi kila nusu saa kwa saa ya ukutani, na naiheshimu sana ndege iliyonifanyia hivyo. Sauti za injini na rangi za bawa sizipi muda mwingi, maana hizo kila mtu huchagua kwa ladha yake.

Ukipata kasoro ya kweli, mwandikie mtengenezaji ukitaja uzito, kimo, kasi, hali ya hewa na toleo la programu, kwa sababu neno "inaruka vibaya" halimpi mahali pa kuanzia. Katika ile Cessna yangu niligundua kwamba honi ya tahadhari ililia bawa likiwa tayari limeshindwa, wakati katika ndege halisi hulia noti 5 hadi 10 kabla. Nilimtumia namba za majaribio manne. Katika toleo lililofuata honi ilianza kulia kwenye noti 55.