Makondo mawili si mayai mawili

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye sajili za mapacha, wiki hii nimepitia michanganuo yenu mitatu na yote ina kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya. Nawapenda, ila kwa hili mmenichosha.

1. Usiguse safu ya aina ya pacha (wa yai moja, wanaofanana, au wa mayai mawili) kabla hujauliza aliyeijaza alijuaje. Mimi sikuuliza. Rekodi za uzazi zilitaja kondo la nyuma, nami kila jozi yenye makondo mawili nikaiandika mayai mawili. Kumbe takribani theluthi moja ya pacha wa yai moja nao huzaliwa kila mmoja na kondo lake, kwa kuwa yai lao liligawanyika mapema, ndani ya siku tatu hivi.

Fanyeni hesabu. Tuseme uwiano, yaani kiasi ambacho pacha wa jozi moja hufanana kwa sifa fulani, kwa yai moja ni 0.6 na wa mayai mawili 0.3, makundi yakilingana kwa idadi. Tofauti mara mbili ndiyo urithi, yaani sehemu ya tofauti kati ya watu itokanayo na jeni: 0.6. Uwiano wa yai moja ukitoa urithi ndiyo malezi ya pamoja: sifuri. Sasa hamisha ile theluthi ya yai moja uiweke kwenye mayai mawili. Uwiano wa mayai mawili unapanda hadi 0.375, urithi unashuka hadi 0.45, na 0.15 inazuka ikiitwa malezi. Hilo "malezi" nililieleza mbele ya familia zilizojitolea, nikizungumzia pumu. Mama mmoja akanyoosha mkono: "Kwa hiyo ni mimi, nyumbani kwangu?" Nikajibu kwa upole, na nikajibu vibaya. Vipimo vya DNA vilipokuja, fungu lile likayeyuka.

2. Sajili ikiwa ya nchi nzima, na unatafuta uwezekano wa pacha wa mgonjwa kuugua pia, hesabu kwa kila mgonjwa: jozi yenye wagonjwa wawili inaingia mara mbili.

3. Urithi ni wa jamii, si wa mtu. Utafiti wa mwaka 2000 wa jozi 44,788 za Sweden, Denmark na Finland ulikadiria urithi wa saratani ya tezi dume kuwa asilimia 42. Hakuna mwanamume mwenye uvimbe ambao asilimia 42 yake ni ya jeni.

4. Dodoso la "watu waliwachanganya utotoni?" hupatia aina ya pacha kwa takribani asilimia 95. Litumieni DNA ikikosekana.

Yule mama nilimpigia simu kumwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama wanawe waendelee kujaza dodoso. Bado wanajaza.