Mwigizaji wa Jukwaani Aliyeshika Uongozaji

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetazama filamu bubu ya Uswidi iitwayo Körkarlen, na nimeelezwa kwamba aliyeigiza mlevi David Holm ndiye pia aliyeiongoza. Je, ni kweli? Na mizimu ile ilionyeshwaje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ni kweli kabisa. Huyo ni Victor Sjöström, aliyezaliwa mwaka 1879, ambaye alikuwa mwigizaji wa jukwaani kwa miaka mingi kabla ya kuajiriwa na kampuni ya filamu ya Svenska Bio mwaka 1912. Mwaka uliofuata aliongoza filamu ya Ingeborg Holm, kisa cha mjane anayefilisika na kunyang'anywa watoto wake. Mama huyo anaporukwa na akili hapigi makelele wala hajigaragazi. Anabembeleza kipande cha ubao kana kwamba ni mtoto mchanga, na kamera inamtazama tu bila kumharakisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ujuzi wa jukwaani ulipomfaa Sjöström, kwa kuwa alijua jinsi mwigizaji aliyetulia anavyoweza kuubeba uchungu wote.

Kuhusu mizimu, Körkarlen ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Januari 1921, na mpigapicha wake alikuwa Julius Jaenzon. Baada ya kupiga picha ya chumba au barabara, ukanda ulirudishwa nyuma ndani ya kamera, kisha mzimu ukapigwa picha juu ya ukanda uleule, ndiyo maana unaona ukuta kupitia mwili wake. Kamera ilizungushwa kwa mkono, kwa hiyo mwendo wa mara ya pili ulipaswa kulingana na ule wa kwanza. Ustadi huo unanistaajabisha hadi leo.

Baadaye Sjöström alikwenda Hollywood, akaitwa Seastrom, na mwaka 1928 ikatoka filamu ya The Wind, aliyomwongoza mwigizaji Lillian Gish katika jangwa la Mojave, huku mapanga ya injini za ndege yakiwapulizia mchanga. Lakini filamu za sauti zilikuwa zimekwisha kuingia, naye akarejea Uswidi, ambako alijikita zaidi katika uigizaji.

Ukipata nafasi, tazama pia Smultronstället, filamu ya mwongozaji Ingmar Bergman, ya mwaka 1957, ambamo Sjöström anaigiza profesa mzee Isak Borg. Alifariki Januari 1960, na katika picha ya mwisho ya filamu hiyo amelala kitandani, uso umetulia, hasemi neno.