Taimingi cheni inabadilishika nyumbani, ila usiwashe kabla hujaizungusha injini kwa mkono

Asubuhi za Juni na Julai hapa Arusha ndizo zinazoumbua taimingi cheni iliyochoka, ile inayounganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti zinazofungua valvu). Gari imelala nje, baridi imeingia mpaka kwenye chuma, unapiga stata na upande wa puli unasikia krrrr ya sekunde chache, halafu kimya. Wengi huambiwa ndiyo kawaida ya gari iliyotumika Japani. Si kawaida. Mara nyingi hiyo ni cheni inayocheza kwa sababu tenshena, kifaa kinachoisukuma cheni ikaze, bado haijapata oili ya kuikaza.

Naandika hasa kwa wenye injini ya Toyota 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyo kwenye IST, Raum na Probox nyingi za mjini, maana ndiyo tuliyoifungua uani kwetu Sakina mimi na mdogo wangu. Probox yetu inabeba ndizi na mboga kutoka soko la Tengeru, na ikilala ni hasara. Hata hivyo sikutaka kumwachia mtu afunge cheni bila kunionyesha alama zake. Kazi yenyewe haitishi kama inavyosemwa. Inataka utulivu, mwanga wa kutosha, na jicho la mtu wa pili.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kelele ni ya cheni kweli. Anza na kijiti cha oili. Oili ikiwa pungufu au imegeuka tope, tenshena haiwezi kufanya kazi hata ikiwa mpya, kwa hiyo weka oili nzuri kwanza usikilize. Kisha vua feni belti uwashe kwa nusu dakika tu, usizidishe, kwa kuwa bila belti pampu ya maji haizunguki. Kelele ikipotea, shida ni beringi ya alternita au ya pampu ya maji, na umeokoa pesa nyingi. Kama una rafiki mwenye kifaa cha kupimia, angalia msimbo P0016. Huo unasema sensa ya krenki na ya kamshafti hazikubaliani, jambo linalotokea cheni ikirefuka au ikiruka jino.

Na kama gari ilikoroma kisha ikazima ghafla barabarani, acha stata kabisa. Kwenye injini hii, cheni ikiruka meno ya kutosha, pistoni na valvu hukutana. Pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kwanza. Valvu zikishapinda, hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) lazima ishuke, na hapo mimi ningeipeleka gereji.

Kuhusu spea nina msimamo mkali. Cheni, tenshena, plastiki zote mbili ambazo cheni inatelezea na sili ya krenki vibadilishwe pamoja. Dukani muuzaji aliniambia, "Kaka, chukua cheni peke yake, tenshena za Japani haziharibiki." Nikamwekea ile plastiki ya zamani juu ya kaunta. Ilikuwa na mifereji miwili iliyochimbwa na cheni, mirefu toka juu mpaka chini, ukipitisha ukucha unanasa. Rangi yake imekuwa kahawia na ncha imeanza kumeguka. Ukiweka cheni mpya juu ya plastiki kama hiyo, utairudia kazi yote. Cheni haina kilometa maalumu za kubadilishwa kama belti, ndiyo maana watu hudhani ni ya milele. Lakini oili chafu hula pini za viungo vyake, kila kiungo kinalegea kidogo sana, na ukijumlisha vyote cheni imeshakuwa ndefu.

Kufungua hakuna siri kubwa. Toa tominali ya betri, mwaga maji ya rejeta na oili, egemeza injini kwa jeki yenye kipande cha ubao chini ya sampu (bakuli la oili) ndipo utoe maunti ya kulia inayoshikilia injini. Boliti ya puli ya krenki ndiyo inayosumbua. Niliazima mashine ya umeme ya kufungulia nati kwa fundi jirani. Ile mbinu ya kuegesha spana ndefu chini na kupiga stata sikubaliani nayo hata kidogo, imevunja mikono ya watu. Na kwa vumbi letu la kiangazi, tundika shuka safi upande upepo unakotoka, kisha ziba njia ya kwenda sampu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Sasa alama, ambazo huwekwa kabla ya kutoa puli na kava la mbele. Mkato wa puli ukae kwenye 0 ya kava, na nukta za gia mbili za kamshafti zitazame juu. Kama nukta ziko chini, zungusha krenki mzunguko mmoja zaidi. Cheni mpya ina viungo vitatu vya rangi, viwili kwa ajili ya kamshafti na kimoja cha krenki. Tenshena irudishwe ndani na ifungwe kwa pini nyembamba. Sisi tulikata spoki ya baiskeli, ikaingia vizuri. Ukishaikaza, chomoa pini, uone inavyosukuma plastiki na cheni inavyonyooka.

Hapa ndipo usiwe na haraka. Weka soketi kwenye boliti ya krenki, zungusha kwa mkono, kwa mwelekeo wa saa, mizunguko miwili kamili. Ukigonga kitu kigumu, simama, usilazimishe, rudi kwenye alama. Baada ya mizunguko hiyo nukta za gia lazima zirudi mahali pake. Viungo vya rangi havitarudi, na hilo lisikutie hofu. Mdogo wangu alishtuka, "Kaka, zimehama!" Rangi ni za kufungia tu. Baada ya hapo unaamini alama za gia.

Kava la mbele limebeba pampu ya oili, hivyo linganisha meno ya pampu na krenki, lisipoingia usiligonge. Safisha silikoni ya zamani yote, paka mpya mstari mwembamba na ufunge haraka. Silikoni nyingi inamwagikia ndani, inaziba chujio la oili, na injini inakufa kwa kukosa oili. Boliti ya puli ikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, nyutoni mita 128. Acha silikoni ikauke kwa muda wa saa mbili au zaidi kabla ya kumimina oili.

Mara ya kwanza chomoa soketi za umeme za koili (za plagi) na za nozeli (za mafuta), piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe na kuwasha. Mkoromo mfupi wa mara hiyo ya kwanza ni tenshena inajaa. Usiku laza katoni chini ya gari, asubuhi chunguza kwanza kwenye pembe ambapo hedi, bloku na kava vinakutana, maana oili ikivuja huanzia hapo.