Munich hadi Verona na mbwa wawili: inawezekana, ila jiandae kucheka

Mkuu, umeuliza kama unaweza kutoka Munich (Ujerumani) hadi Verona (Italia) kwa treni na mbwa wawili, unaweza kabisa, ila jua wao ndo wenye makaratasi mengi kuliko wewe 😂 Kila mmoja awe na chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa (ile ya kwanza mpaka zipite siku 21 ndo inahesabika) na paspoti yake ya EU (Umoja wa Ulaya), ya bluu ina nyota kabisa, mbwa wangu dume analo hilo libluu na mimi bado nabembeleza kibali cha ukaazi na hii ya Tanzania. Treni za Ujerumani mbwa mkubwa anakatiwa tiketi na anavishwa kifunga mdomo, kadogo kakiwa kwenye begi kanapita bure. Ukipitia Uswisi, mbwa mkubwa analipa nusu nauli. Sasa langu linajilaza katikati ya njia, mtu wa kahawa kasimama anasubiri, wazungu wanalisalimia linavyokoroma, mimi mwenye mbwa hata hujambo sipati lol. London kwa treni ya Eurostar sahau, hawapokei mbwa labda wale wa kuongoza wasioona. Na beba bakuli la kukunja la maji.