Una mtoto na Mthai na hamjaoana? Anza na ubaba, viza itafuata

Mkuu, nimelisoma swali lako. Wewe ni mtu wa Mombasa, una mtoto wa miaka mitano na mwanamke wa Kithai, mnaishi pamoja Chonburi, ndoa hamjafunga na mama mtu hana haraka nayo. Kila viza ya utalii ikikaribia kuisha unavuka Laos kutafuta nyingine, na sasa unauliza kama mtoto anaweza kukupatia ukaazi wa muda mrefu. Anaweza. Mimi naishi Chanthaburi kwa njia hiyo hiyo, nafanya biashara ya mawe ya vito kutoka nyumbani Tanzania, na mzazi mwenzangu hatujaoana mpaka leo. Ila walionitangulia kukujibu wamerukia aina za viza, wakati kinachokukwamisha kiko hatua moja nyuma.

Kwa sheria ya Thailand, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni wa mama peke yake. Kifungu cha 1546 cha sheria yao ya madai na biashara kinasema hivyo waziwazi. Jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa linaonyesha tu kwamba ulitajwa kuwa baba siku ya kuandikisha. Ubaba wenyewe unapatikana kwa njia tatu, nazo ziko kifungu cha 1547: umuoe mama yake, umsajili mtoto kuwa wako ofisi ya wilaya, au mahakama itamke. Usipokuwa na mojawapo, ukienda uhamiaji kuomba kibali cha kukaa mwaka mzima kama mzazi wa raia, afisa atafunua faili lako mpaka sehemu ya uhusiano na kukuuliza Khor Ror 11 iko wapi. Hiyo ndiyo hati ya kusajiliwa ubaba. Kuna ofisi zinazokubali cheti cha kuzaliwa kwa mambo madogo, lakini kwa mwaka mzima usiweke matumaini huko.

Njia nyepesi ni ya wilayani, wenyewe wanaita amphoe, na kwa Bangkok ni khet. Sharti ni mama akubali na mtoto akubali. Binti yangu alikuwa ameshaanza darasa la kwanza tulipokwenda. Mama yake alibeba kitambulisho na kile kitabu cha bluu cha kuandikisha wakaazi wa nyumba, mimi nilibeba pasi iliyotafsiriwa Kithai na kupigwa muhuri na Idara ya Konsula ya wizara yao ya mambo ya nje, na tulikuwa na mashahidi wawili. Msajili, mama mmoja wa makamo, mimi hata hakunitazama. Alimwita mtoto upande wake wa meza, akampa kalamu, akamwambia aandike jina lake. Mtoto akaandika taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Kisha yakaja maswali: huyu aliyekaa pale ni nani, analala wapi, nani anakupeleka shule, unataka awe baba yako? Mtoto akamjibu kwamba huyo ni baba yake tayari. Yule mama akacheka, akavuta kibodi, akaanza kuchapa.

Sasa angalia kwako. Sheria haitaji umri wa mtoto kutoa ridhaa, imemwachia msajili apime mwenyewe kama mtoto anaelewa. Wasajili wengi wanataka afike miaka 7 hivi na aweze kuandika jina lake. Wa miaka mitano watakwambia hawezi kuridhia, nenda mahakamani. Mwambie mama yake apige simu amphoe yenu kabla hamjapanga siku. Apige yeye, maana akipiga Mthai kwa Kithai atapata maelezo ambayo wewe ungezungushwa wiki nzima kuyapata.

Neno mahakama lisikutishe. Kesi inakwenda mahakama ya watoto na familia ya mkoa, na mama akiwa upande wako hakuna ugomvi wowote. Wakili anafungua ombi, afisa wa ustawi wa jamii anawahoji nyote wawili na mtoto kisha anaandika taarifa, jaji anasikiliza, anatoa hukumu. Baada ya hukumu mnasubiri muda wa rufaa, mwezi mmoja, mnachukua hati kwamba kesi imefungwa, mnarudi nayo amphoe kusajili. Jamaa yangu mmoja wa Arusha alipitia huko na ilimchukua miezi kadhaa. Gharama kubwa ni ya wakili, na hutofautiana sana, kwa hiyo uliza zaidi ya mmoja. Njia hii hii ndiyo inayobaki kwa wale ambao mama anakataa au hajulikani aliko. Mama asipoitikia wito wa msajili ndani ya siku 60, au 180 akiwa nje ya nchi, inahesabika hajakubali.

Kitu kingine ukiangalie mapema: jina lako kwa herufi za Kithai. Majina yetu yenye "Mw" na "Nd" Wathai wanayakata kila mtu anavyosikia. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kuandika hivi, mtafsiri wa pasi akaandika vile, na mbele ya msajili hao ni watu wawili. Mpe mtafsiri nakala ya cheti afuate tahajia ya pale.

Kuhusu ndoa nitasema kidogo tu, maana hukuiuliza. Ukioa, mtoto anakuwa wako kisheria bila kesi. Lakini ni ndoa iliyosajiliwa amphoe. Nikah ya msikitini au sherehe ya kijijini pamoja na mahari yake, uhamiaji hawaitambui peke yake. Utahitaji pia hati ya ubalozi kwamba uko huru kuoa. Hapo wewe Mkenya una nafuu, ubalozi wenu uko Bangkok. Sisi Watanzania tunahangaika na Kuala Lumpur.

Ukishakuwa na Khor Ror 11 mkononi, mengine ni makaratasi na hela. Kwanza unahitaji viza ya Non-Immigrant O, ile ya kuingia kwa sababu kama za familia, inayotoa siku 90. Unaweza kuiomba mtandaoni kupitia ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi, ambao sisi wa Tanzania pia tunapitia, au ukabadilisha ya utalii ukiwa ndani kwa baht 2,000, mradi siku zilizobaki zisipungue 15. Usisubiri zibaki hizo hizo, nenda mapema. Ukitokea nyumbani, kumbuka kadi ya homa ya manjano, wanaitaka kwa abiria wa nchi zetu.

Kabla siku 90 hazijaisha unaomba kuongezewa mwaka kama mzazi wa raia. Wanataka baht 400,000 kwenye benki ya Thailand kwa jina lako, ziwe zimelala miezi miwili, au kipato cha baht 40,000 kwa mwezi. Kwa mfanyabiashara kama mimi, akiba ndiyo rahisi, maana kipato kisichopita benki wala kodi hakuna anayekisikiliza. Ada ni 1,900. Mtoto awe chini ya miaka 20, hajaoa wala kuolewa, na muwe mnaishi pamoja kweli. Utapeleka picha za familia ndani na nje ya nyumba, namba ya nyumba ionekane, na ramani ya kufika kwako. Mtoto na mama waje siku ya maombi. Mara nyingi wanakupa muhuri wa kusubiri wa siku 30 wakichunguza, na wanaweza kuja nyumbani. Kwetu walikuja wawili, wakaongea zaidi na jirani muuza tambi kuliko na mimi.

Kuna mawakala watakaokuambia wanakuwekea hizo laki nne kwa ada yao na kazi imekwisha. Mimi siwashauri. Familia yako iko hapa, na kibali cha kughushi kikibainika unayefukuzwa ni wewe, wakala anabaki ofisini kwake.

Ukipata mwaka, ripoti anwani kila siku 90, na usitoke nje ya nchi bila kibali cha kurudi, 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi. Ukitoka bila hicho mwaka wote unakufa pale mpakani.

Wakati unasubiri mahakama, una mambo mawili. Kuna nyongeza ya siku 60 kwa anayemtembelea mwenza au mtoto Mthai, nayo ni 1,900. Hapa ndipo baadhi ya ofisi huridhika na cheti cha kuzaliwa na mama akiwepo. Na kama kipato chako kinatoka nje, kuna ile DTV, viza ya wanaofanya kazi kwa mbali, iliyoanza 2024: miaka mitano, siku 180 kila unapoingia, uonyeshe akiba ya baht 500,000. Hiyo haiulizi mtoto wala ndoa. Ile viza ya uanachama wa kulipia, Thailand Privilege, inadai mamia ya maelfu ya baht ambazo hazirudi. Kwa bei hiyo bora ulipe wakili na laki nne zako zibaki benki. Usikubali tu siku za viza zipite ukiwa ndani. Faini ni baht 500 kwa siku mpaka 20,000, na ukizidisha siku 90 hata ukijisalimisha mwenyewe unafungiwa nje mwaka mmoja, mtoto yuko ndani.

Kazi ni suala jingine. Kibali cha kukaa kama mzazi hakikupi kazi, lakini kinakuruhusu kuombewa kibali cha kazi bila kubadili viza, na hilo ni jambo kubwa. Wale wa mawe wanaonifuata inboksi: kununua na kuuza kupitia kampuni yenye vibali sawa, lakini kukata na kusugua jiwe ni kazi iliyotengewa Wathai. Usikae kwenye mashine hata kwa dakika tano ukimwonyesha mtu.

Na yule aliyeuliza mtoto akifikisha 20 inakuwaje: njia hii inafungwa. Wengi wetu tutakuwa tumevuka 50 wakati huo, tunahamia ya wastaafu, ambayo inataka baht 800,000 benki au 65,000 kwa mwezi. Aliyezaa kijana sana ndiye wa kupiga hesabu kuanzia sasa.