Ukienda msibani, duka nani anaamua?

Nina maduka mawili ya vipuri, Kariakoo na Tegeta. Msimamizi wa Tegeta ananipigia simu kwa kila punguzo, hata la shilingi 500. Nimwondoe?

Umwondoe kwa kosa lako? Siku ya kwanza alipopunguza bei bila kukuuliza ulimfanyaje? Ulimfokea mbele ya wateja, naye akajifunza. Mwandikie kiwango: punguzo hadi hapa ni lako, gharama za usafiri na umeme amua mwenyewe, zaidi ya hapo nipigie. Halafu akikosea ndani ya kiwango hicho, usimkate mshahara. Ukimkata hata mara moja, simu zinarudi pale pale.

Je, ni salama kumwachia ndugu biashara?

Jamani, swali hili tena! Mnauliza kana kwamba undugu ni kaunta buku. Kwenye viwanda vya nguo vya karibu na Mumbai, watafiti waliona ukubwa wa kampuni unafuata idadi ya ndugu wa kiume wa mwenye mali kuliko ubora wa uongozi. Wageni hawakuaminiwa, na kesi ya wizi mahakamani ingechukua miaka. Wana wakiisha, na kampuni imeishia hapo. Ndivyo ilivyo kwetu: duka la tatu halifunguliwi kwa sababu shemeji wameisha. Tena shemeji akila mtaji, humpeleki polisi. Kikao cha ukoo kitakuweka kitimoto wewe.

Nimpe keshia namba ya siri ya simu ya duka?

Hapana. Wateja walipie kwenye lipa namba, kutoa pesa ubaki nako wewe.

Nafanya kazi tawi la kampuni ya nje, Arusha. Hata wino wa printa tunaomba idhini makao makuu. Ni dharau?

Huenda ni dharau, lakini si ninyi tu. Utafiti wa kampuni karibu 4,000 za Marekani, Ulaya na Asia, uliochapishwa 2012, ulionyesha kuwa kampuni zenye makao makuu kwenye maeneo ambako watu wanaaminiana ndizo zinazowaachia zaidi mameneja wa viwanda kuajiri na kununua mashine. Kwa hiyo usipeleke malalamiko, peleka hesabu: siku ngapi kazi ilisimama mkisubiri wino, na mteja gani aliondoka.

Nimefunga kamera nne dukani. Zinatosha?

Kamera haioni bei iliyopatanwa nje kwenye bodaboda. Linganisha risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na stoo, na uhesabu siku ambayo hujamwambia mtu.